Kipande cha Tisa

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Mumeo amefika salama, pumua. Ameshuka kwenye lori na sanduku lake la bati na mashati uliyompigia pasi mpaka yanasimama yenyewe. Nyapara mwenzake akamuuliza mbele ya watu, "Bwana, umekuja kuchoronga mwamba au umekuja kuposa?" Shemeji akamjibu, "Nimeshaoa. Nimeoa dobi." Kambi nzima ikaangua kicheko, na tangu hapo wamempenda.

Nakuandikia barua kwa sababu huku bondeni mtandao haushiki, na simu ya kambi iko mezani kwa karani, ambaye anasikiliza kuliko anavyoandika. Lori la vifaa linatoka kila wiki, na barua zinasafiri pamoja na mifuko mitupu ya saruji. Ukiona vumbi usishangae.

Uliniuliza tunafanya nini hasa, maana mumeo kwa kueleza ni bubu. Ndani ya mlima huu patachimbwa pango la kuweka mitambo ya umeme. Usifikirie handaki. Fikiria jengo la ghorofa kumi na mbili, ulizamishe lote ardhini, kisha upange mengine matatu ubavuni kwake. Pango la namna hiyo ukilichimba hivi hivi, paa linakufuata. Kwa hiyo tumetangulia kuchimba njia mbili nyembamba juu ya pale paa litakapokuwa. Humo ndimo kikosi cha shemeji kinachoronga mashimo ya kwenda chini, mita nane nane. Tunatumbukiza nyaya za chuma, kisha tunasukuma uji wa saruji mpaka shimo lijae. Uji ukikauka, waya na mwamba vinakuwa kitu kimoja. Baada ya hapo ndipo chini yake panaruhusiwa baruti. Yaani paa linafungwa kabla halijawa paa.

Mimi kazi yangu ni kukagua. Paa lote limegawanywa vipande kumi na vinne, na bila saini yangu kwenye fomu ya kipande, hakuna baruti. Wanawake tuko wawili tu, mimi na mama wa jikoni. Wananiita Injinia. Shemeji peke yake ndiye anayeniita Chiriku mbele za watu. Nimemkanya, hasikii.

Ila kazi anaijua, dada. Miaka kumi na tano ya machimbo ya kokoto si mchezo. Anagonga mwamba kwa mtaimbo, anainamisha kichwa, anasikiliza. Jiwe zima linalia kama kengele, lililoachana linalia kama gunia. Mimi nina vyombo vya kupimia, lakini nikishamaliza kupima bado namwangalia yeye usoni.

Mwambie Kibogoyo mama yake mdogo anauliza meno yameota?

Chiriku


19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na saruji yake, nikaipiga brashi kwanza kama koti la mteja.

Kibogoyo anakusalimu. Jino moja la mbele limeota, limekaa upande kama mlango uliotoka bawaba. Amesema hapigwi picha mpaka baba yake arudi. Dobini kazi ipo. Ile hoteli ya barabara kuu imeanza kuniletea mashuka, lakini siku hizi anayepiga pasi ni msichana wangu, mimi nakaa kwenye kiti nashona vifungo vilivyong'oka. Usianze maswali. Nimechoka kidogo tu.

Nina ombi, na ni la siri. Nataka mume wangu aje nyumbani kabla Machi haijaisha. Siku nne zinatosha. Usiniulize kwa nini, wala usimwambie kwamba nimekuandikia. Nikimwita mimi mwenyewe atatupa mtaimbo chini aje kwa miguu, na kazi itaota mbawa, na kazi hiyo unajua tulivyoisubiri. Wewe una kalamu huko. Mpatie likizo kama vile imeshuka tu kutoka juu.

Tangu mama alipotuacha, wewe ukiwa na miaka tisa na mimi kumi na saba, sijakuomba kitu. Hiki nakuomba.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Nimejaribu. Bosi wa uchimbaji tunamwita Bwana Tarehe, kwa sababu kalenda yake anatembea nayo kwapani kama mkate. Nilimwambia nyapara wangu bora anahitaji kupumzika. Akanijibu, "Kipande cha tisa kikipita, apumzike hata wiki. Kisipopita, hapumziki mtu." Ndiyo sheria yake: kikosi kinapata likizo kipande chao kikishasainiwa.

Na kipande cha tisa kimekuwa kichwa kigumu. Shimo moja linatakiwa kushiba kwa mifuko minne ya saruji. Yapo mashimo sita, kuanzia la arobaini na moja, kila moja limemeza mifuko kumi na moja na bado linafungua mdomo. Maana yake huko ndani kuna ufa, na uji unakwenda kusikojulikana. Inabidi tungoje ukauke, tuchoronge upya, tujaze upya, halafu tuzivute zile nyaya kwa mashine tuone kama zinateleza. Si kazi ya siku mbili.

Sasa niambie ukweli. Umesikia maneno? Madereva wa lori wana midomo, najua. Kama umeambiwa kwamba mama wa jikoni anamwekea mumeo kipande kikubwa cha nyama, ni kweli, anamwekea. Mama huyo ana miaka zaidi ya sitini na anamwita "mwanangu". Shemeji jioni anakaa nje ya chumba chake anachonga kigari cha mti cha Kibogoyo, anachonga gurudumu moja siku tatu. Hana pa kupatia muda wa mambo mengine.

Kama ni hilo linalokunyima usingizi, lala.

Chiriku


11 Machi

Chiriku,

Nimecheka mpaka msichana wa pasi akaja kuniangalia. Mama wa jikoni! Mpe salamu zangu, aendelee kumwekea.

Si hilo. Ni jambo la nyumbani, na ni langu, na nitamwambia yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, hata wewe. Nimepewa tarehe, thelathini na moja. Nataka awe amekaa pembeni yangu siku hiyo. Sitaki kuandika zaidi.

Mdogo wangu, kipande kimoja cha mlima kitashindikana kwa mtu mwenye digrii mbili? Fanya unavyojua. Nakutegemea.

Dada


20 Machi

Dada,

Andaa chakula. Kipande cha tisa kimepita. Nimekisaini juzi. Baruti ya kwanza chini yake ni Jumatano tarehe ishirini na saba, shemeji akishakabidhi paa kwa kikosi kinachofuata anapanda lori Alhamisi asubuhi, na Ijumaa mchana atakuwa mlangoni kwako. Anadhani ni bahati. Ameanza kupiga mluzi. Mashati yake ameyafua mwenyewe, na amesema usiyaangalie kwa macho ya kazi.

Mimi ni mzima. Nimechoka tu kidogo, kama wewe na kiti chako.

Chiriku


8 Aprili

Chiriku,

Uliondoka bila kuniaga. Niliamka siku ile ya tatu nikakuta kitanda umekitandika na kanga umeikunja pembeni, nikajua umeshakwenda. Sikulaumu. Umesafiri na mwili wake nyuma ya lori kwa saa kumi na nne, watu wameniambia ulikataa kukaa mbele na dereva. Mungu akulipe. Isingekuwa wewe, angekuja kama mzigo.

Lakini msibani hukunitazama usoni hata mara moja, na mimi sikuwa na nguvu ya kukufuata.

Nataka uniambie ilikuwaje. Yule mzee wa ofisini aliyekuja na bahasha alisema "ajali ya kazi", akaitaja kama jina la mtu anayemfahamu. Mimi simfahamu. Kibogoyo ananiuliza jiwe lilikuwa kubwa kiasi gani. Ananionyesha kwa mikono: hivi? Hivi? Sijui nimwambie nini.

Ile tarehe thelathini na moja niliikosa, maana ndiyo tulikuwa tumetoka kuzika. Nilienda tarehe mbili, peke yangu. Usiulize.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Baruti ilipigwa saa nne asubuhi. Moshi ukatolewa kwa feni kama kawaida. Baada ya hapo kikosi kinaingia, kinagonga paa jipya na kuangusha mawe yaliyolegea kabla mtu mwingine hajaruhusiwa. Shemeji aliwaambia wenzake wamsubiri nje, akaingia peke yake na mtaimbo. Walimsikia akigonga, kisha wakasikia amenyamaza, kisha jiwe likashuka. Daktari anasema hakupata hata muda wa kujua.

Mwambie Kibogoyo lilikuwa kubwa kuliko mkono unavyoweza kuonyesha.

Mwamba una siri zake. Hata upime vipi, huwezi kuujua ufa wote. Ni kazi ya Mungu, dada. Jitahidi kula.

Mdogo wako


5 Mei

Mdogo wangu,

Nilidhani nitaweza kunyamaza na hili lakini linanila.

Nina mimba. Mwezi wa nne unakatika. Nilijua wiki moja tu baada ya yeye kupanda lori kuja huko. Unajua tulivyopoteza watatu baada ya Kibogoyo, wote kabla ya mwezi wa sita, na unajua alivyokuwa baada ya yule wa mwisho, alivyokaa siku nzima na viatu mkononi hajui avivae au avivue. Nikasema safari hii simpi habari kwa barua wala kwa simu ya karani. Daktari alisema nisisimame muda mrefu, na Machi ikiisha wanifunge mlango wa kizazi kwa uzi, ili usije ukafunguka kabla ya wakati. Nilitaka siku hiyo awe amenishika mkono. Nilitaka nimwambie ana kwa ana, nimwone anavyocheka. Basi. Hilo ndilo lilikuwa jambo langu kubwa la siri.

Amekufa hajui.

Na nikilala naona hivi: mimi ndiye niliyekwambia fanya unavyojua. Kama nisingekuharakisha, angekuwa bado anahangaika na mashimo yake sita, amekasirika, mzima. Mimi ndiye niliyemuita, Chiriku. Jirani ananiambia acha kujitesa, ajali haina kinga. Wewe ndiye unayejua mambo ya mwamba. Niambie wewe. Ni mimi?

Dada


14 Mei

Dada,

Si wewe. Nisikilize, soma mpaka mwisho, halafu ukitaka uichome.

Yale mashimo sita tuliyajaza upya, lakini hatukuyachoronga upya kwanza, na nyaya zake hazikuvutwa. Zilikuwa zinahitaji siku kumi zaidi. Bwana Tarehe alikuja na kalenda akanikuta kwenye ile njia nyembamba, akasema mashimo sita kati ya mia moja na ishirini ni nini, paa si lina mengine? Nikamwambia sita yaliyokaa jirani jirani si sita tu, ni dirisha. Akasema, "Injinia, kalamu ni yako." Akaondoka. Hakunilazimisha, dada. Ningetaka kukwambia alinishikia bunduki. Hakushika kitu zaidi ya kalenda.

Barua yako ya tarehe kumi na moja ilikuwa mfukoni mwangu. Nilifikiri una ugonjwa mbaya. Nilifikiri thelathini na moja unakwenda kupasuliwa na hutaki kutuambia. Nikafikiri: mama alikufa tukiwa tunamsubiri baba afike, na baba alikuwa anasubiri ruhusa. Sikutaka wewe usubiri hivyo.

Nikasaini. Sikumuuliza mtu. Niliandika "zimevutwa, hazikuteleza" kwenye mistari sita, kwa mwandiko wangu mzuri ule uliokuwa unanisifia. Kisha nikakuandikia uandae chakula.

Jiwe lilitoka pale pale. Nililiona tundu lake. Nyaya tano zilikuwa zinaning'inia, safi, hazina hata tone la saruji.

Msibani sikuweza kukutazama kwa sababu hiyo. Ulinishukuru kwa kumsindikiza. Ulinikatia kipande cha mkate ukanishikisha mkononi, ukaniambia kula, umekonda. Nikakila.

Wewe uliomba mume wako aje nyumbani. Mke yeyote anaruhusiwa kuomba hivyo. Aliyejua maana ya mashimo yale ni mimi. Tafadhali usilale tena na jambo lisilo lako. Ni langu. Jana nimekwenda mwenyewe ofisini nikawaambia, na fomu nimewapa. Kutakuwa na baraza la uchunguzi.

Sikuombi kitu.

Chiriku


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya Mei ilifika. Lori liliwahi kupinduka, barua zikalowa. Najidanganya kwamba yangu ilikuwa humo.

Nimeondolewa kazini, lakini nimetakiwa nisitoke kambini hadi baraza likae, Septemba tarehe kumi na mbili. Pango limesimama. Maji yanatiririka humo, hakuna sauti nyingine. Kikosi cha shemeji wananisalimu kwa adabu sana, na adabu yao inaniuma kuliko matusi. Mama wa jikoni ndiye pekee anayeniambia kaa hapa ule.

Sanduku la shemeji lilitumwa mwishoni mwa Mei, na kigari nimekifunga juu yake kwa kamba. Kina magurudumu matatu. Nilitaka nichonge la nne mimi, nikaona sistahili.

Kama umeniandikia ukaichana, nimeielewa.

Chiriku


2 Septemba

Chiriku,

Barua yako ya Mei ilifika. Haikulowa. Niliisoma mara moja nimesimama, nikaiweka kwenye droo ya lebo, nikarudi kupokea nguo za mteja. Alikuwa ameleta suti ya harusi. Nikamwandikia namba yake, nikamwambia Alhamisi. Baada ya hapo sikumbuki.

Mtoto amezaliwa tarehe ishirini na nne Agosti, kabla ya wakati wake, lakini analia kwa nguvu kama anadai. Ni wa kiume. Ana masikio ya baba yake, makubwa, yamesimama. Kibogoyo anamwita Kengele. Nakwambia haya kwa sababu ni haki yako kujua, si kwa sababu nimepoa.

Sasa nina la kusema, na nitalisema mara moja tu.

Sanduku lilipofika nilishindwa kulifungua mpaka Juni katikati. Nilipolifungua nikafanya ninachojua kufanya: nikatoa nguo nizifue. Dobi haweki nguo majini bila kupekua mifuko. Kwenye koti lake la kazi nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Ni barua, ya kwangu. Ameandika tarehe kumi na nane Machi, nadhani aliacha kuituma kwa sababu angefika mwenyewe kabla yake. Nakunakilia sehemu yake:

"Mke wangu, nakuja. Nitafika kabla ya hii barua au nayo pamoja. Barua zako zimekuwa fupi, na mimi nimekuoa miaka kumi, mke wangu akiandika kwa ufupi ana jambo. Basi nakuja kulisikia. Leo Chiriku kaniita kule juu, ameshika fomu, uso umemsawijika. Kaniuliza, shemeji, umeusikiaje? Nimegonga mara tatu. Mara mbili umeniambia ndiyo. Mara ya tatu sikuupenda mlio. Nikamwambia umeshika, saini tu. Ni mara ya kwanza maishani kusema uongo juu ya jiwe. Nilitaka kuja nyumbani. Siku hiyo ya baruti nitawazuia vijana nje niingie mwenyewe kwanza, niusikilize vizuri, nikiona haukai nitasimamisha kazi na aibu nitaibeba. Chiriku asijue, atajilaumu, unamjua. Nikifika nitakusimulia utanicheka."

Ndiyo hiyo. Umeona ulichoniandikia wewe? "Sikumuuliza mtu." Ulimuuliza. Akakwambia saini, na ukalificha hilo ili nibaki naye kama alivyokuwa.

Na mimi nilijua kwamba umeficha, tangu Juni. Ningeweza kukutumia karatasi hii siku ile ile. Msichana alikuwa anakwenda posta. Sikuituma. Niliikalia. Nilitaka uteseke, Chiriku. Nilijua kila wiki lori linapofika unasimama pale kusubiri, nikawa naihesabu ile siku ya lori na kusema moyoni, asubiri. Mimi niliyekufungia kamba za viatu. Nilikuwa namnyonyesha mtoto wangu chuki kabla hajazaliwa, na ilinipa nguvu, sitakudanganya. Siku nyingine ndiyo iliyoniamsha.

Mkunga alipompiga mtoto akalia, mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia alikuwa yeye. Wa pili ulikuwa wewe. Nikalia mpaka wakadhani nimefumuka mshono.

Barua yenyewe naiambatisha, mwandiko wake mwenyewe. Ipeleke kwenye baraza. Waone kwamba ulimuuliza nyapara wa miaka kumi na tano akakwambia saini. Itakupunguzia.

Sijui kama nimekusamehe. Nikijichunguza siku nyingine naona ndiyo, na siku nyingine naona mtu mwingine kabisa. Usije sasa. Nitakapoweza kukuona nitasema.

Dada yako


18 Septemba

Dada,

Shikamoo, na hongera. Kengele. Nimelisema jina hilo peke yangu chumbani mara nyingi.

Barua ilifika tarehe kumi na moja, siku moja kabla ya baraza. Niliusoma mwandiko wa shemeji nimekaa kitandani, nikasikia sauti yake kabisa, na ule uzembe wake wa kuziacha herufi kubwa.

Walikuwa wazee watatu na mwanamke mmoja, wamekaa kwenye ukumbi wa kulia chakula, meza zimefunikwa kitambaa. Bwana Tarehe alihamishwa tangu Julai. Alituma karatasi inayosema hakumbuki mazungumzo yoyote kuhusu mashimo. Kikosi cha shemeji kilikaa nyuma, wote, wamevaa mashati safi.

Yule mwanamke akaniuliza, "Kabla ya kusaini, kuna mtu yeyote mwenye uzoefu aliyekuhakikishia kwamba mwamba umeshika?"

Barua ilikuwa mfukoni. Nikaangalia nyuma. Wale wanaume wamefanya kazi chini ya shemeji, wanajua alikuwa haongopi juu ya jiwe. Ndiyo heshima yote aliyoiacha huku. Kisha nikajiuliza: kwani alinidanganya? Kugonga kunafika mita moja, labda mbili. Ufa ule ulikuwa mita tano ndani. Ninalijua hilo kuliko yeye, nimelisomea. Nilipomwita kule juu sikwenda kuuliza. Nilikwenda nikiomba aniambie ndiyo, na alikuwa mtu mwema mno, na alikuwa amewakumbuka mno, hakuweza kuninyima. Usimkasirikie. Nilimwona alivyogonga ile mara ya tatu. Nilimwona uso. Nikasaini hivyo hivyo, sikungoja aseme tena.

Nikajibu, "Hapana. Sikumuuliza mtu."

Wameninyang'anya muhuri. Sitakagua mwamba tena. Jambo la mahakama litajulikana mwezi ujao, na lolote litakalokuwa, nitalipokea. Mashimo yote ya kipande cha tisa yatachorongwa upya, na hakuna baruti mpaka kila waya uvutwe mbele ya watu wawili. Kikosi ndicho kilichodai hivyo, kimesimama pamoja kikasema hakiingii vinginevyo.

Uliniandikia kwamba uliikalia barua. Dada, hata mimi ningeikalia. Lakini umeituma, na ulikuwa na njia ya kuichoma pasipo mtu kujua. Sitasema zaidi ya hapo.

Umesema nisije. Siji. Nitakaa huku mpaka uniambie, au hata usiponiambia.

Ninakurudishia barua ya shemeji humu ndani, nimeikunja kwenye mikunjo yake ile ile. Ni ya kwako, haikuandikwa kwa baraza. Kengele akikua atauliza baba yake alikuwa anafanya nini siku ile, na watu watamwambia habari za pango na za kampuni na pengine za mama yake mdogo. Mwambie na hili, maana ni kweli na limeandikwa kwa mkono wake: alikuwa anakuja nyumbani.

Mdogo wako